Mcheza Kwao Hutuzwa: Msanii Aliyehamishwa na Maafa

Wahenga wetu walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Methali hii husemwa arusini na mikutanoni mara nyingi mno, hata hatuisikilizi tena. Lakini tukiipima kwa makini tutaona kwamba imebeba elimu nzima ya uchumi wa sanaa ya watu wetu. Inasema kwamba msanii hali kwa ufundi wake peke yake. Anakula kwa sababu ana kwao: mtaa unaomjua, majirani wanaomwita, jamaa wanaoinuka katikati ya wimbo na kumtunza. Mwondolee kwao, na ufundi wake utabaki kifuani, lakini riziki yake itakatika.

Insha hii yataka kuuliza jambo ambalo methali haikulijibu. Mcheza aliyeondolewa kwao na maji, au na tufani, au na tetemeko la ardhi, atatuzwa na nani? Na sisi, tunaojigamba kwamba utamaduni ni roho ya taifa, tumemwekea nini mtu huyo?

Tunaliuliza swali hili tukiwa Tanga, mahali ambapo watu wengi wangelidhani halina haja ya kuulizwa. Mtu asimamapo Raskazone, mbele yake ghuba na Kisiwa cha Toten, huyaona maji yaliyokingwa yaliyotulia, naye hujiambia kwamba bahari ya huku ni bahari ya amani. Lakini bahari haifanyi kazi kwa kishindo tu. Kusini yetu, mbele ya Pangani, Kisiwa cha Maziwe kilikuwa na miti mpaka miaka ya 1970. Mawimbi yakaila ardhi yake kidogo kidogo, miti ikaanguka, na leo kisiwa hicho ni fungu la mchanga lifunikwalo maji yajaapo. Na upande wa bara wa mkoa wetu, mwezi wa Oktoba 2019, mvua kubwa ziliua watu na kukata barabara katika nchi ya Handeni na Korogwe. Asiyefikiwa na bahari alifikiwa na mto.

Tufani nazo ni chache katika pwani hii, ila si ngeni. Mwezi wa Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi, ikavizamisha vyombo bandarini. Mwezi wa Aprili 1952 tufani nyingine iliingia Lindi, ikaua watu na kubomoa nyumba. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, kikaikuta nchi imekwisha lowa. Siku chache kabla yake, tarehe 25 Aprili, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa ameliarifu Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikwisha kuua watu 155 na kuwadhuru watu zaidi ya 200,000 wa kaya zaidi ya 51,000.

Hesabu kama hiyo ni ya lazima, na waliofanya kazi ya kuikusanya matopeni wanastahili shukrani. Lakini yafaa tuitazame kwa jicho la uhakiki, kwa maana orodha nayo ni maandishi, na kila maandishi yana mtazamo wake. Orodha ya maafa huhesabu vifo, majeruhi, kaya, nyumba, ekari za mazao, barabara na madaraja. Katika kaya wamo wakulima, nao hukumbukwa kwa mbegu. Wamo wavuvi, nao pengine hukumbukwa kwa nyavu. Wamo pia wapigaji wa ala, manju wa ngoma, watunzi, wachongaji, wafinyanzi na wasusi wa mikeka. Hawa huingia katika orodha kama vinywa vya kulishwa, hawaingii kama wafanyakazi waliopotewa na zana. Hutoka nao wakiwa na unga, maharage, blanketi na godoro, na wote hushukuru. Kisha kambi hufungwa, na mpigaji hurudi katika maisha asiyoweza kuyaanza, kwa sababu hakuna aliyemwuliza alikuwa akifanya kazi gani.

Asiyeijua kazi hiyo hudhani kwamba hasara yake ni ndogo. Hebu tuitazame. Mbao za udi na za fidla zimeshikanishwa kwa gundi inayolegea ikilowa. Chombo kilicholala majini usiku mmoja hufunguka maungio, na tumbo lake likishapinda halirudii sauti yake. Vilimi vya chuma vya kodiani hushika kutu. Ngozi ya ngoma huoza, na mzinga wake uliochongwa kwa gogo moja hupasuka unapokaushwa juani kwa haraka. Kinanda cha umeme kilichoingiwa na maji ya chumvi hakina fundi. Vyombo hivyo aghalabu si mali ya mtu mmoja. Kikundi kizima cha watu kumi au kumi na watano huvitegemea. Kwa hiyo nyumba moja inapozama, inayokosa kazi si kaya moja. Orodha inayohesabu kwa kaya haiwezi kuliona jambo hilo.

Ipo hasara nyingine isiyonunulika dukani, nayo ni daftari. Watunzi wengi wa pwani huandika kwa mkono. Katika daftari moja mtaona nyimbo za taarabu za miaka thelathini, mashairi ya kujibizana, tarehe za arusi na majina ya waliotunza. Wazee wengine wameandika kwa khati za Kiarabu, ambazo vijana wao hawazisomi. Karatasi hiyo ikilowa, wino huyeyuka, na mtunzi akiwa amekwisha fariki hakuna wa kuuliza. Hapa Tanga tunajua thamani ya nakala. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi walipotamalaki Mrima, vita vilivyopiganwa katika pwani yetu hii mwaka 1888 na 1889. Utenzi ule tunao leo kwa sababu ulinakiliwa, ukahifadhiwa, na baadaye ukapigwa chapa kwa juhudi za J. W. T. Allen, ambaye mkusanyo wake wa miswada umewekwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kama ungalibaki daftari moja katika nyumba moja yenye paa la makuti, mvua moja ingalitosha kutufanya maskini.

Kubwa kupita yote ni kupotea kwa wanunuzi, na hapa ndipo mwanamuziki anapotofautiana na mafundi wengine. Seremala akipewa msumeno mpya baada ya mafuriko, kazi inamngoja, kwa maana watu wanajenga upya. Mkulima akipewa mbegu, mvua ijayo itamjibu. Lakini mwimbaji akipewa udi mpya kesho yake, hana arusi ya kwenda. Waliokuwa wakimwalika wamezamiwa pamoja naye. Fedha za mahari zimenunua mabati, mazishi yamekula akiba, na walio na huzuni wanaona haya kupiga hoihoi. Maji yaliyoharibu ala yake yameharibu pia mkono wa kumtunza. Tena akihamishwa mbali, hata huzuni ikiisha, mtaa wenyewe haupo tena. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam, familia nyingi kutoka mabondeni zilipewa viwanja Mabwepande, mbali kaskazini ya jiji. Kiwanja kavu ni neema kwa mwenye watoto, nasi hatuibezi. Lakini ngoma ya mtaa haipandi lori pamoja na vitanda. Wacheza wakitawanywa, mmoja huku na mmoja kule, kila mmoja anaweza kuwa na paa, na kikundi kisiwepo.

Sasa tuitazame desturi yetu ya kuchangishana. Maafa yanapotokea, msanii huitwa mara moja. Hutungwa wimbo wa maombolezo, huandaliwa tamasha, viongozi huketi mbele, hundi kubwa huinuliwa juu, na msanii hushuka jukwaani bila malipo kwa kuwa ameitikia wito wa taifa. Hatusemi kwamba wito huo ni mbaya. Kulia na wenzako ni kazi ya kwanza ya mwimbaji tangu zamani. Tunalolihoji ni jambo moja: tamasha lile humchukulia msanii kuwa mkono unaotoa siku zote, kana kwamba wasanii wote wanakaa mlimani na mafuriko yako bondeni. Mpigaji mashuhuri wa mjini huimba kwa ajili ya waliopatwa; mpigaji asiye mashuhuri aliyepatwa yuko kambini anasikiliza redio, na jina lake halimo katika wimbo wala katika hundi. Ni haki basi kwamba sehemu ya kila mchango uliokusanywa kwa sauti za wasanii iwarudie wasanii walionyamazishwa na maafa yaleyale.

Nyimbo na mashairi yenyewe ya maafa nayo hayaepuki lawama. Mengi yamefuata njia moja iliyokwisha kanyagwa. Ubeti wa kwanza humtaja Mola, wa pili hutaja tarehe, wa tatu hutaja idadi ya waliokufa, wa nne huwashukuru waliosaidia, na wa mwisho huomba isitokee tena. Vina vimekaa, mizani imetimia, lakini mtu hayumo. Hatumwoni fundi cherehani aliyepotewa na cherehani, wala kungwi aliyepotewa na ngoma ya unyago, wala mwalimu wa madrasa anayeanika juzuu juani ukurasa kwa ukurasa. Shairi linalohesabu kama karani halina kazi, maana karani yupo. Watunzi wa tenzi zetu za zamani walitaja watu kwa majina na mitaa yao, wakatuachia historia. Mtunzi wa leo akilirudia jambo hilo, atakuwa amewasaidia waliopatwa kabla ya kuchanga shilingi, kwa sababu atakuwa amewaandikia orodha ya pili, iliyo kamili kuliko ile ya kwanza.

Wapo watakaosema kwamba zamani mambo yalikuwa bora. Katika miaka ya 1960 na 1970 bendi nyingi zilishikwa mkono na mashirika: NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya jumuiya ya wafanyakazi, na baadaye viwanda, majeshi na jumuiya nyingine zikawa na bendi zao. Ala zilikuwa mali ya shirika, na mpigaji alikuwa na mshahara. Ala ikiungua au ikilowa, hasara ilikuwa ya shirika. Ni kweli, utaratibu ule ulikuwa kinga. Lakini ulikuwa kinga ya wachache, tena mpigaji aliyeacha kazi aliondoka mikono mitupu. Tanga yenyewe inalijua jambo hilo. Mji huu uliozaa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, uliokuwa na Black Star na Lucky Star zilizobadili sura ya taarabu pwani nzima, haukuweza kuwashika watu wake wote. Ndugu wa ukoo wa Kinyonga waliokuwa Jamhuri Jazz walikwenda Arusha, kisha Kenya, ambako mwaka 1971 waliunda Simba wa Nyika. Shakila binti Said, sauti iliyolelewa katika klabu za Tanga, alihamia Dar es Salaam. Hao hawakufukuzwa na maji, walifuata riziki. Lakini wametufundisha kwamba msanii akishaondoka, kurudi ni kugumu, na mji uliompoteza hausikii pengo lake mpaka miaka ipite.

Twaweza kujifunza pia kwa waliopatwa zaidi yetu. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kiliupiga mji wa New Orleans, Marekani, ukuta wa maji ukavunjika, na karibu sehemu nane katika kumi za mji zikafunikwa. Mji ule ni mama wa muziki wa jazi, na wapigaji wake walitawanyika katika miji ya mbali. Kilichofanyika baadaye kina mafunzo mawili. Kwanza, walisaidiwa kwa kazi, si kwa chakula tu. Chama cha Jazz Foundation of America kiliwalipa wapigaji waliopatwa wakapige mashuleni. Mtu akapata fedha, na watoto wakapata muziki. Pili, kwa fikira za wanamuziki Harry Connick na Branford Marsalis kilijengwa kijiji cha wanamuziki chenye nyumba 72, na baadaye nyumba ya mafunzo ya muziki iliyofunguliwa mwaka 2011. Walielewa kwamba mpigaji anahitaji jirani mpigaji. Hata hivyo palitokea kikwazo ambacho yafaa tukikumbuke: wapigaji wengi walishindwa kutimiza masharti ya nyumba zile kwa kuwa hawakuwa na karatasi za mapato wala historia nzuri ya madeni. Mtu aliyepiga muziki miaka arobaini hakuwa na hati ya kuonyesha kwamba amepata kufanya kazi.

Kikwazo hicho kitakuwa chetu mara kumi. Msanii wa Tanga anayelipwa kwa tuzo za arusini hana risiti. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kutoka ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa, na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa umekuwa ukitoa mikopo kwa wasanii tangu mwaka huohuo. Vyombo tunavyo. Lakini chombo cha maafa hakimjui msanii, na mkopo, kwa asili yake, humtafuta mtu mwenye kitu. Aliyeamka bila ala na bila nyumba hawezi kuanza na deni.

Basi tunapendekeza mambo manne, yote madogo, yote yaliyo katika uwezo wetu. La kwanza ni kwamba Afisa Utamaduni wa wilaya awe na kiti katika kamati ya maafa, na karatasi ya kuandikia kaya iwe na mstari mmoja unaouliza kazi ya mtu na zana alizopoteza. Mstari mmoja hauna gharama.

La pili, vikundi vyenyewe viandike daftari la mali zao wakati wa kiangazi, wala visingoje masika: ala ngapi, za namna gani, za nani, na picha zake, nakala moja ikae kwa Afisa Utamaduni. Wasanii waliojiandikisha katika Baraza la Sanaa la Taifa na katika ofisi ya hakimiliki wamekwisha anza njia. Waliobaki waache kuona kujiandikisha kuwa ni kutafutwa kodi.

La tatu, nyimbo zinakiliwe. Shule zetu za sekondari zina vijana wenye simu zenye kamera. Katika likizo moja wanaweza kupiga picha madaftari ya watunzi wa Ngamiani, Chumbageni, Pangani na Mkinga, kwa idhini ya wenyewe na bila kuwapokonya haki zao, na nakala zikawekwa maktaba ya mkoa na chuo kikuu.

La nne, na hili ndilo kiini, msaada wa msanii uwe kazi. Kambi ina watoto wasio na shule na wazee wasio na usingizi. Mlipeni manju aliyepatwa awachezeshe watoto wa waliopatwa. Mlipeni mtunzi aliyepatwa aandike habari za kijiji chake. Mahoteli ya Raskazone na miji mingine ya pwani, ambayo huwaita wapigaji wageni wakija, yanaweza kumwita mpigaji aliyehamishwa kwa msimu mmoja na kumlipa ujira wake halali. Huko ndiko kumtuza asiye kwao.

Tunajua kwamba patakuwa na mtu atakayetuuliza: watu wanakufa, nanyi mnazungumza habari ya ngoma? Swali hilo ni la haki, nasi tunalijibu. Siku ya kwanza ni siku ya kuokoa roho, na hatuombi gari la dawa libebe zumari. Lakini maafa hayaishi siku ya kwanza. Yana mwezi wa pili na mwaka wa pili, wakati waandishi wa habari wamekwisha ondoka na watu wanaanza kujiuliza kama wao bado ni watu wa mahali fulani. Wakati huo ngoma haiwi anasa. Ndiyo inayowakusanya waliotawanyika, nayo humaliza tanga na kuruhusu arusi. Jamii ambayo haijaweza kucheza tena haijapona, hata kama mabati yote yamerudi juu.

Atatokea na mwingine atakayetaka tuchague ngoma zipi zinastahili kusaidiwa na zipi ni za aibu. Huyo naye tunamwambia kwamba mkulima aliyefikwa na mafuriko haulizwi kwanza kama shamba lake lilikuwa na magugu. Mjadala wa maadili una baraza lake na siku yake. Kambini tunamtafuta mtu aliyepoteza kazi.

Inasimuliwa kwamba Sayyid Barghash, ambaye tufani ya 1872 ilimkuta mwanzoni mwa utawala wake, ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni, na kwa safari hiyo taarabu ikapata mzizi Unguja. Hatumsifu kwa utajiri wake, kwa maana hazina ile ilijazwa na jasho la watumwa waliolima karafuu. Lakini kama mfalme mwenye mashamba yaliyolala chini aliona kwamba muziki haungoji mikarafuu iote, taifa la watu huru haliwezi kuona kidogo kuliko hapo. Sisi hatuna mfalme wa kumtuza mwimbaji. Sisi sote ndio kwao, na masika ijayo karatasi za kamati ya mtaa zipigwe chapa zikiwa na mstari ule mmoja.